Nguo Kumi na Moja za Jeevanjee

Satellite, Nairobi
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Kuria,

Nakusalimu, mimi tata yako, dada ya marehemu baba yako, pamoja na wote wa nyumba hii. Sisi tu wazima. Mguu wa Baba Ciru bado unamsumbua, lakini kila asubuhi anajikokota mpaka stendi kununua gazeti. Ciru amepata kibarua kwenye duka la dawa. Mvua haijaanza, na kule dukani kwangu Kangemi vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani.

Gazeti hilo la Baba Ciru ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukurasa wa ndani kabisa, chini ya tangazo la magodoro, waliandika kwamba lori la maharagwe lilisimamishwa kwenye barabara inayotoka mpakani huko kaskazini. Chini ya magunia walipatikana "wahamiaji haramu kumi na mmoja" kutoka Ethiopia, wote wamekufa kwa kukosa hewa. Mistari mitano tu. Baadaye ukaongezwa mstari mmoja: wamezikwa pamoja, hakuna aliyewatambua.

Unakumbuka nilivyomshonea baba yako suti ya mwisho. Nilimpima upya kule mochari kwa sababu ugonjwa ulikuwa umemkausha, na sikutaka aende na nguo inayompwaya. Hawa wamefukiwa kwa nguo zilizolowa jasho la lori. Nimezungumza na akina mama wa chama chetu cha mafundi, tumekubaliana tuwashonee. Nguo kumi na moja, tuzitundike kwenye bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji, ili mtu akienda ofisini apite katikati yake. Kanini, yule binti anayechora mabango ya kanisa letu, anatafuta kibali. Yeye anasema hii ni sanaa. Mimi najua kushona tu.

Lakini nguo haishonwi bila vipimo. Wewe uko kazini kwenye barabara hiyo hiyo. Je, ulikuwepo? Kama ulikuwepo, niambie tu nani alikuwa mrefu na nani mfupi.

Mimi tata yako,
Wangeci

*

Kaskazini
30 Machi 2025

Tata Wangeci,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Zadock, dereva wa basi. Asante kwa soksi. Mimi niko sawa. Joto la huku halijapungua, na upepo unapopiga tunakula mchanga pamoja na wali. Mwambie Baba Ciru asikande ule mguu kwa maji ya moto, daktari alimkataza nikiwa hapo. Mpongeze Ciru.

Tata, tafadhali usinitumie ujumbe wa simu kuhusu jambo lile. Hata kunipigia usipige. Simu zetu zilikusanywa zikakaa ofisini wiki nzima kabla ya kurudishwa, na sijui nani alizishika. Ukiwa na neno, mpe Zadock peke yake.

Kuhusu hizo nguo, ziache. Watu wameshazikwa, na uchunguzi uko mikononi mwa wakubwa. Mimi ni askari. Ninayoyaona kazini nayaacha kazini. Shule zinakaribia kufungwa, shona sare za muhula ujao, hiyo ndiyo kazi yenye faida.

Mvua ya huku ikija huja yote kwa siku moja, halafu inasahau.

Mwanao,
Kuria

*

Satellite
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mwanangu Kuria,

Pasaka imetukuta salama. Kwaya iliimba vizuri, ila Mama Rachael alipandisha sauti mpaka mchungaji akafungua macho katikati ya maombi. Tulikuwekea kiti mezani, kama kawaida.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniambia habari za joto, mchanga na mvua. Hukuniambia kwamba hukuwepo. Tangu ukiwa mdogo, ukiulizwa jambo usilotaka kulisema, unaanza kueleza hali ya hewa.

Nilishona shati la kwanza kwa kukisia, nikalitundika mlangoni nilitazame. Mama mmoja akasimama akaniuliza, "Hili unauzaje?" Nikaona nimeshindwa. Shati linaloweza kumtosha yeyote halina mwenyewe. Kanini alinishauri zote ziwe za ukubwa mmoja, akasema watu wataelewa. Nilimwambia kama ni hivyo tununue mitumba tutundike, tumalize kazi.

Baba Ciru ananiambia nikuache. Anasema nimekulea mpaka ukapata kazi ya serikali, sasa ninataka kukuharibia. Huenda anasema kweli. Kwa hiyo hii ni mara ya mwisho kukuuliza. Usiponijibu, nitajua, na nitaendelea kukuandikia habari za nyumbani tu.

Mimi tata yako,
Wangeci

*

Kaskazini
2 Juni 2025

Tata,

Hii barua usimsomee mtu. Ukimaliza, ichome.

Nilikuwepo. Ilikuwa mchana, jua kali. Lori lilisimama kwenye kizuizi chetu muda mrefu kwa sababu mkubwa wangu alikuwa ametembea kando akizungumza kwa simu. Dereva alikaa kwenye kivuli akitafuna miraa. Nilikuwa karibu na ubavu wa lori niliposikia kitu kikigonga, polepole.

Nikamuuliza dereva, "Umebeba nini?"

"Maharagwe, afande."

"Maharagwe yanagonga?"

Akacheka. Halafu akatupa miraa akakimbilia vichakani, na utingo wake nyuma yake. Nilipanda nikaanza kuangusha magunia. Chini yake kulikuwa na mbao zilizopigiliwa misumari. Nilizing'oa kwa mtaimbo. Hewa iliyotoka humo ilinichoma uso, Tata, nikarudi nyuma kama mtu aliyepigwa kofi.

Niliwabeba mmoja mmoja nikawalaza chini ya turubai. Ndiyo maana ninajua ulichoniuliza.

Mmoja alikuwa na mabega ya Baba Ciru kabla mguu haujamshinda. Wawili walikuwa na urefu wangu. Kati ya hao wawili kuna mwembamba sana aliyevaa shati la mtu mkubwa kuliko yeye, ameikunja mikono ya shati mara tatu. Huyo mwachie mikono mirefu. Kulikuwa na mvulana ambaye bado angekuwa shuleni, kifua chake ni kama cha Ciru alipoingia kidato cha kwanza. Mwanamke mmoja, mnene kiasi, kama Mama Rachael wa kwaya. Hao wengine nimekueleza nyuma ya karatasi. Sijakosea. Mikono yangu bado inajua uzito wa kila mmoja.

Kisha shona gauni moja zaidi. Hilo lisitundikwe. Ni la msichana mrefu, mwembamba kama Ciru wa sasa. Liwe na mifuko, na kitambaa kisichoonyesha uchafu wa safari. Zadock atalipitia Jumamosi. Usimuulize chochote, naye hatakuuliza.

Kuria

*

Satellite
Jumapili, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Hatujambo. Mguu wa Baba Ciru umepata nafuu. Barua yako niliisoma dukani, nikakaa chini sakafuni, kisha nikaichoma kwenye jiko la kupashia pasi. Vipimo nimeviweka kichwani.

Gauni nililimaliza siku ile ile. Nilielewa kuna mtu aliyetoka hai ndani ya lile lori. Hata Baba Ciru sijamwambia. Lilimtosha?

Zile kumi na moja sasa zimekamilika, na ni nguo za watu kweli. Lakini Kuria, nimefanya kosa. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuja kututazama, akaniuliza kwa nini hazilingani. Nikamjibu kwa majivuno, "Kila moja ina mwenyewe, na vipimo vyake ni vya kweli." Akachapisha maneno hayo pamoja na picha ya duka langu.

Juzi wakaja wanaume wawili, nadhifu, viatu vinang'aa. Mmoja alisema anataka suti. Nikachukua futi nikaanza kumpima. Akiwa ameinua mikono, akaniuliza kwa upole, "Mama, vipimo vya wale marehemu ulipewa na nani?"

"Nilikisia," nikasema.

"Gazeti linasema ni vya kweli."

"Gazeti linataka kununuliwa."

Mwenzake alikuwa akizunguka, akigusa nguo moja baada ya nyingine kwa kidole. "Kumi na moja," akasema. "Hakuna nyingine uliyoshona?"

Nikamuuliza, "Kwani walikuwa wangapi?"

Wakatazamana. Yule wa suti akashusha mikono kabla sijamaliza, wakaondoka bila kuchagua kitambaa.

Kibali kimetoka. Tumepangiwa kutundika tarehe 26 Julai. Ukisema niache, nitazikunja zote leo, na Kanini atanisamehe.

Wangeci

*

Kaskazini
8 Julai 2025

Tata,

Usizikunje. Ila kuna mgeni atakuja kwako na Zadock. Anaitwa Aster. Tangu siku ile amekaa kwa Rael, mama anayepika kwenye zahanati. Sasa mkubwa wangu ameanza kumuuliza Rael kwa nini siku hizi ananunua maziwa mengi.

Nilipomtoa Aster nilimpa maji. Alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo sokoni kwao mpakani. Kabla hajamaliza kunywa alinishika shati akasema aliyewapitisha mpakani alivaa kama mimi. Akaniambia na jina alilosikia akiitwa. Nikageuka nikamtazama mkubwa wangu kule alikosimama na simu yake. Jina ni lake. Nikamficha Aster nyuma ya magunia kabla mkubwa hajarudi. Ripoti ikaandikwa watu kumi na mmoja, wote wafu, nami nikatia sahihi.

Kaka yake alikuwa humo. Sijamwambia kwamba vipimo vyake viko kwako. Sikujua niseme vipi.

Mpokee kama ungenipokea mimi.

Kuria

*

Satellite
Jumapili, 20 Julai 2025

Mwanangu Kuria,

Mgeni wako amefika salama. Gauni linambana kidogo mabegani, nimelifungua mshono. Ciru amempa kitanda chake.

Baba Ciru nilimweleza ukweli. Alisema, "Wangeci, umetuletea kifo sebuleni." Baada ya siku mbili alichukua kiti chake na fimbo yake akaenda kukaa getini. Anakaa hapo tangu chai ya asubuhi mpaka Ciru arudi kutoka kazini, na kila anayepita anamuuliza anamtafuta nani.

Nilitaka kumficha Aster zile nguo, lakini aliniomba nimpeleke dukani. Alizipitia zote, moja moja. Alipofika kwenye shati lile la mikono mirefu akasimama. Akashika mkono wa shati akaukunja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha mkono wa pili vile vile. Akasema, "Lombamo." Ndilo jina la kaka yake. Nililia mimi, yeye hakulia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimempeleka kwa wakili anayetetea wakimbizi, anaitwa Janice. Anasema Aster akiandikisha ushahidi, atalindwa asirudishwe, na mwenye lori pamoja na waliomfungulia njia wanaweza kukamatwa. Lakini ataulizwa nani alimtoa. Bila jina lako, watasema ripoti ina watu kumi na mmoja na huyu ni mwongo aliyeokotwa mjini. Na ripoti ina sahihi yako. Itabidi useme uliandika uongo. Unaweza kupoteza kazi, unaweza kufungwa, na huyo mkubwa wako yuko nawe kambi moja.

Aster amekataa kusema mpaka wewe ukubali. Anasema hawezi kukulipa hivyo.

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana, kwa sababu moyo wangu nusu unaomba ukatae. Nilimwahidi baba yako nitakulinda. Nakuuliza kwa sababu Aster hawezi kukuuliza.

Wangeci

*

Satellite
Jumapili, 3 Agosti 2025

Kuria,

Hujanijibu. Zadock anasema amekuta sura mpya kizuizini, na alipotaja jina lako aliambiwa aendeshe basi lake. Nimekiuka neno lako nikapiga simu. Imezimwa.

Tulitundika Jumamosi ya wiki iliyopita. Kanini alifunga kamba kati ya miti chini kidogo, makusudi, ili mtu mrefu ainame anapopita. Wengi walidhani tunauza. Halafu wakasoma ubao wa maelezo tulioweka, sauti zao zikashuka. Mwanamke mmoja aliyebeba mkoba wa ofisi alisimamisha mtoto wake mbele ya shati la yule mvulana, akaona linamtosha, akamvuta haraka akaondoka. Mhubiri wa bustani aliacha kuhubiri. Mng'arisha viatu alihamisha kiti chake akasema hataki vumbi la brashi lifike kwenye nguo za watu.

Wale wanaume wawili walikuja. Hawakuinama. Walipita pembeni wakatupiga picha, mimi na Kanini.

Aster hakwenda. Anakaa nyumbani akingoja neno lako. Mimi sasa singoji neno. Nakungoja wewe. Kama ni kukataa, kataa, lakini uandike.

Wangeci

*

19 Agosti 2025

Tata,

Niko hai. Nisamehe.

Barua yako ya Julai ilinifikia siku moja kabla ya uhamisho. Nilipewa karatasi ya kwenda kituo kingine, mbali zaidi, nikaambiwa gari linaningoja. Dereva simjui. Nikasema nimesahau blanketi, nikapitia nyuma ya zahanati, Rael akanitoa kwa pikipiki ya kanisa. Nilifika Nairobi nikaenda moja kwa moja kwa Janice, na yeye akanipeleka kwa waendesha mashtaka. Nimeandika upya ripoti. Watu kumi na wawili, mmoja hai. Nimetaja mkubwa wangu. Nimetaja sahihi yangu.

Nimesimamishwa kazi. Huenda nami nikashtakiwa. Janice amenionya nisijidanganye. Ninakaa mahali nisiporuhusiwa kupataja, hata kwako. Inawezekana niko karibu nawe kuliko unavyofikiri, na bado siwezi kuja.

Mwambie Aster aseme. Ataje jina langu lote, asiogope.

Baba Ciru aingie ndani, baridi ya Agosti haifai mguu wake.

Kuria

*

Satellite
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mwanangu Kuria,

Janice ameahidi kukufikishia barua hii mwenyewe. Sote wazima. Ciru anataka kurudi chuoni Januari. Baba Ciru aliingia ndani siku niliyomsomea ujumbe wako, lakini kiti bado kiko getini.

Kesi imeanza. Mwenye lori na mkubwa wako walisimama kizimbani, na yule mtu niliyempima suti alikaa kiti cha nyuma. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Aster alisimama akajibu kila swali. Wakili wao akamwambia, "Wewe hukuwa ndani ya lori hilo." Akajibu, "Nilikuwa. Niligonga, na Kuria alisikia." Hakimu akamwomba alitaje jina hilo tena polepole, akaliandika. Wewe utaitwa mwezi wa pili. Sitakudanganya kwamba siogopi. Ila nitakaa kiti cha mbele, pale utakaponiona.

Kibali cha bustani kiliongezwa mpaka mwisho wa mwezi huu. Wiki jana baba yake Aster alifika kutoka Ethiopia, mzee mrefu, kofia mkononi. Anafuatilia ruhusa ya kumfukua mwanawe ampeleke kwao. Tulimpeleka Jeevanjee. Akatembea chini ya kamba akiinama kila mara, Aster mbele yake. Alipoonyeshwa shati hakuuliza mtu. Alilitoa kwenye kamba, akalikunja kifuani polepole kama mtu anayemvua mtoto aliyesinzia, akalitia kwapani.

Kanini akaninong'oneza, "Tata, tumzuie?" Nikamwambia asithubutu.

Kabla ya kuondoka mzee aliniuliza, Aster akitafsiri, ni nani aliyejua urefu wa mikono ya mwanawe. Nikamwambia ni mtoto wangu, ndiye aliyembeba. Akauliza anaweza kumwona wapi. Nikasema bado. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao muda mrefu. Nakuletea salamu hiyo kama nilivyoipokea.

Pale langoni mlinzi wa bustani aliwasimamisha. "Mzee, hiyo ni ya maonyesho. Haitoki."

Aster akamjibu kwa Kiswahili alichokizoea dukani kwangu, "Ni ya kaka yangu."

Mlinzi akamtazama, akamtazama mzee, akasogea kando.

Sasa kuna nafasi tupu kwenye kamba. Kanini alitaka kusogeza nyingine ili zikae sawa. Nimemwambia aiache hivyo hivyo.

Ule vizuri, popote walipokuweka.

Mimi tata yako,
Wangeci